Lubumbashi: Madoa ya maji kwenye motokari yenye seramiki, kinga ya kwanza ni kitambaa kikavu

Jumamosi asubuhi katika mtaa wa Makomeno, komini ya Lubumbashi, milango ya parseli inafunguliwa mapema. Motokari zinasogezwa nje, bidoni za maji zinapangwa kando ya ukuta, na vijana wa kuosha wanaanza kazi na eponji na sabuni. Kufika saa nne, motokari inang'aa kama imevuka leo mpaka wa Kasumbalesa. Lakini kufika saa sita, jua likiisha kupanda, kwenye kapo nyeusi kunatokea maduara madogo meupe, moja baada ya lingine, kama vile mtu amenyunyiza unga. Hapo ndipo maneno yanaanza.

Mwenye motokari anasema amelipa pesa nyingi ili rangi ipakwe seramiki, na aliyempakia alimhakikishia kwamba maji hayatashika tena. Kijana aliyeosha anasema ameosha vizuri, sabuni imeisha na kila mtu ameona. Mmoja anakataa kulipa, mwingine anapoteza jasho la asubuhi nzima. Wote wawili wana haki kwa nusu. Seramiki ipo na inafanya kazi yake. Kuosha nako kumefanyika. Kilichokosekana ni kazi ya mwisho, ile ambayo watu wengi wanaiachia jua: kukausha.

Jambo hili si la urembo tu. Motokari nyingi zinazotembea Lubumbashi zimenunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, zimeteremshwa kwenye bandari ya Dar es Salaam na kupitia Zambia hadi Kasumbalesa, kilomita karibu 90 kutoka mjini. Kwa jamaa nyingi, motokari ndiyo akiba kubwa baada ya nyumba. Siku ya kuiuza, mnunuzi anatazama rangi kabla ya kufungua injini. Rangi yenye madoa yaliyochimbika inashusha bei, na kupaka rangi upya kunagharimu mara nyingi kuliko kuosha kwa mwaka mzima.

Doa linatoka wapi

Maji safi kabisa yakikauka hayaachi kitu. Lakini maji ya robine na ya kisima si maji matupu. Ndani yake kuna madini yaliyoyeyuka, hasa kalisi na manyezi. Tone likibaki juu ya rangi na jua likalikausha, maji yanapanda hewani, madini yanabaki. Kadiri tone linavyopungua, madini yanazidi kukolea ndani yake, hadi mwisho yanaganda na kuwa chokaa nyembamba. Pembeni mwa tone ndiko chokaa inakojikusanya zaidi, na ndiyo sababu doa lina sura ya duara lenye ukingo mweupe.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme maji yana miligramu 200 za madini kwa litre moja. Ikiwa baada ya kusuuza kumebaki nusu litre juu ya motokari, jua litaacha miligramu 100 za chokaa. Ni kidogo, haijazi hata ncha ya kijiko. Lakini imegawanyika katika mamia ya matone, na kila tone linaacha alama yake. Kwenye motokari nyeupe hazionekani sana. Kwenye nyeusi, buluu au nyekundu iliyokolea, zinaonekana kutoka upande wa pili wa barabara.

Maji yanayotoka ndani ya jiwe

Lubumbashi ina sababu yake ya kuwa na madoa mengi. Sehemu kubwa ya maji ya mji inatoka chini ya udongo, iwe yale ya REGIDESO yanayochukuliwa sehemu kama Kimilolo, iwe yale ya visima na foraji ambazo wakaaji wamechimba katika parseli zao. Chini ya mji kuna miamba ya dolomia, jiwe lililoumbwa na kalisi na manyezi. Maji ya mvua yanapozama yanapita katika nyufa za jiwe hilo na kuliyeyusha polepole. Yanapotoka kwenye robine, yanakuja na sehemu ya jiwe ndani yake.

Mama wa nyumbani anajua jambo hilo bila kusoma kemia. Anaona ngozi nyeupe ndani ya sufuria ya kuchemshia maji. Anaona sabuni inachelewa kutoa povu. Maji ya namna hiyo yanaitwa maji magumu. Kipimo kinachotumiwa sana kinasema kwamba yakipita miligramu 180 za kalisi kaboneti kwa litre moja, ni magumu sana. Si maji mabaya ya kunywa kwa sababu hiyo peke yake, na Lubumbashi haiko pekee. London inaishi juu ya jiwe la chaki na birika zake zinajaa chokaa. Zanzibar inachota maji katika jiwe la matumbawe, na shida ni ileile.

Anayetaka kujua maji ya parseli yake anaweza kufanya jaribio la bure. Achukue kioo safi au kipande cha dirisha, adondoshe tone la maji ya robine, tone la maji ya foraji na tone la maji ya mvua, kila moja mahali pake. Aache vikauke juani. Tone linaloacha duara jeupe zaidi ndilo lisiloruhusiwa kukauka juu ya motokari.

Kwa nini seramiki haizuii

Hapa ndipo wengi wanadanganyika. Rangi ya motokari ina matabaka. Juu kabisa kuna verni isiyo na rangi, ambayo unene wake kwa kawaida ni sehemu 40 hadi 50 za elfu ya milimita, yaani nyembamba kuliko unywele. Seramiki, ambayo ni dawa ya maji yenye asili ya silika, inapakwa juu ya verni hiyo na kukauka kuwa ngozi ngumu, nyembamba zaidi tena: mara nyingi sehemu moja au mbili tu za elfu ya milimita. Inasaidia kupinga uchafu, inafanya kuosha kuwe kwepesi, na inafukuza maji.

Lakini kufukuza maji si kuyamaliza. Kwenye rangi isiyo na kinga, maji yanatandaa. Kwenye seramiki au nta, maji yanajikunja na kuwa matone ya duara yanayosimama. Mengi yanateremka yenyewe, hasa kwenye milango na pembeni. Yale yaliyo juu ya kapo, paa na mlango wa nyuma, sehemu zilizolala, yanabaki yamesimama. Kila tone limekusanya maji mengi mahali padogo, na likikauka linaacha madini mengi mahali padogo. Ndiyo maana mwenye motokari anaweza kuona madoa makali zaidi baada ya kupaka seramiki kuliko kabla.

Kwa hiyo kinga haiondoi kazi ya kukausha, inaipunguza tu. Muuzaji anayesema kwamba motokari yenye seramiki inaweza kuoshwa na kuachwa juani anauza maneno. Tena seramiki iliyopakwa juzi ni dhaifu kuliko iliyokomaa. Kwa kawaida watengenezaji wanaomba isiguswe na maji kwa siku moja au mbili za kwanza, na isioshwe kwa sabuni kwa muda wa wiki moja hivi. Mvua ikiinyeshea katika siku hizo, ipanguswe mara moja kwa kitambaa laini.

Kiangazi na mvua, kila moja na shida yake

Haut-Katanga ina majira mawili makubwa. Kuanzia mwezi wa Tano hadi wa Tisa ni kiangazi. Vumbi jekundu linafunika kila kitu, na hewa ni kavu, kiasi kwamba tone la maji halichelewi. Mwezi wa Tisa na wa Kumi jua linakuwa kali, na bati la motokari nyeusi iliyosimama juani linaweza kupita digrii 60. Kumwaga maji magumu juu ya bati la namna hiyo ni kama kuyamwaga juu ya sufuria ya moto: yanakauka kabla eponji haijafika.

Kiangazi kina pia mtego wa usiku. Asubuhi za baridi za mwezi wa Sita na wa Saba, umande unalala juu ya motokari. Umande wenyewe ni maji laini, lakini unayeyusha vumbi lililokuwa juu ya rangi. Jua likitoka unaacha vijidoa vya udongo, hata kama hakuna aliyeosha. Anayelaza motokari nje afanye moja kati ya mambo mawili: aipanguse umande ukiwa bado mwingi na rangi iwe haina vumbi, au aiache hadi atakapoiosha kwa maji ya kutosha. Kupangusa vumbi na umande kidogo kwa kitambaa kikavu ni kusugua mchanga juu ya verni.

Mvua ikianza, wengi wanadhani shida imeisha. Maji ya mvua ni laini kuliko ya foraji, ni kweli. Lakini mvua za kwanza zinashusha vumbi la miezi mitano. Na katika mkoa wenye viwanda vya kuyeyusha shaba, mji ambao moshi wa tanuru ulianza kupanda mwaka 1911, mvua inaweza kubeba pia masizi na salfa ya hewani, ambayo ndani ya maji inageuka asidi. Mvua ya saa nane ikifuatwa na jua la saa tisa ndiyo mbaya zaidi kwa rangi. Dakika kumi za kupangusa baada ya mvua hiyo zina faida kuliko saa mbili za kusugua wiki inayofuata.

Kuosha kwa bidoni tatu

Katika mji ambako robine inaweza kukauka na watu kubeba maji kichwani, hakuna sababu ya kumwaga maji hovyo. Tuyo inayotoa litre 10 kwa dakika, ikiachwa wazi dakika 15, inamaliza litre 150. Bidoni tatu za litre 20 zinatosha motokari ndogo, kama zinatumiwa kwa mpango.

Kwanza, mahali na saa. Kivulini, kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Motokari iliyotoka barabarani ipoe kwanza. Kipimo ni kiganja: kikishindwa kutulia juu ya kapo, maji yasubiri. Kivuli cha ukuta ni bora kuliko cha mwembe, kwa kuwa mwembe unadondosha utomvu na ndege wanakaa juu yake.

Pili, kulowesha na kutoa vumbi. Bidoni ya kwanza inamwagwa kutoka paa kuteremka, ili mchanga utoke kabla eponji haijagusa rangi. Magurudumu yana ndoo yake na eponji yake.

Tatu, sehemu kwa sehemu. Anayepaka sabuni motokari nzima kisha kurudi kusuuza anakuta sehemu ya kwanza imekwisha kukauka. Inafaa kuosha paa, kulisuuza, halafu kapo, kuisuuza, halafu upande mmoja, na kuendelea hivyo. Sehemu zilizotangulia zinabaki na maji hadi mwisho. Zikianza kukauka, zinaloweshwa tena kidogo. Sabuni ya unga ya kufulia nguo iachwe, inakula nta na kuchosha kinga.

Nne, kusuuza kwa mwisho bila kurusha. Maji yanayorushwa kwa nguvu yanavunjika kuwa matone mengi. Maji yanayomwagwa taratibu kwa kopo, kutoka juu, yanateremka kama shuka moja na kuvuta matone mengine pamoja nayo. Hapo ndipo seramiki inaonyesha faida yake: sehemu kubwa ya maji inaondoka yenyewe.

Tano, kukausha papo hapo. Kitambaa kikubwa cha mikrofibra kinatandazwa juu ya kapo na kuvutwa polepole bila kusugua. Cha pili, kidogo, kinamalizia vioo, vishikio vya milango, nyuma ya vioo vya pembeni na kwenye mipaka ya taa, kwa maana maji yaliyojificha humo yanatoka motokari ikianza kutembea na kuacha michirizi. Kitambaa kilichoanguka chini hakirudi juu ya rangi hadi kifuliwe. Fulana ya zamani na taulo ngumu vinaacha mikwaruzo.

Kuna njia moja zaidi kwa wenye motokari nyeusi: maji ya kusuuza ya mwisho yawe maji laini. Mvua ikiisha kunyesha robo saa na kuosha bati la nyumba, maji yanayofuata yanaweza kukingwa katika pipa safi lenye mfuniko. Litre tano au kumi zinatosha kwa kusuuza kwa mwisho. Wakati wa kiangazi, maji yaliyotolewa madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya batri, yanafanya kazi hiyo, japo ni ghali. Anayenunua asome vizuri maandishi ya chupa: mahali panapouzwa maji ya batri, mara nyingi panauzwa pia asidi ya batri.

Doa likiisha kushika

Si kila doa ni sawa, na dawa isiyofaa ndiyo inaharibu motokari nyingi kuliko maji yenyewe. Baada ya kuosha na kukausha, mtu apitishe ncha ya kidole juu ya doa. Akisikia kitu kimeinuka, ni chokaa iliyo juu ya kinga. Hiyo inatoka. Akiona duara lakini kidole hakisikii kitu, au kinasikia shimo, madini yamekula ndani ya seramiki au verni.

Kwa chokaa iliyo juu, siki nyeupe, ile ambayo wengi wanaiita vinegre, inachanganywa nusu kwa nusu na maji laini. Kitambaa kinaloweshwa humo na kulazwa juu ya doa dakika moja au mbili, kivulini, bati likiwa baridi. Kisha panasuuzwa kwa maji mengi, panaoshwa kwa sabuni laini na kukaushwa. Ijaribiwe kwanza mahali padogo pasipoonekana. Siki isiachwe ikauke juu ya rangi, na isikae juu ya chuma tupu wala sehemu za kung'aa. Ikiwa motokari ina nta badala ya seramiki, nta itapungua na inafaa kupakwa tena.

Siki haiondoi kila kitu. Maji ya chini ya udongo yana pia silika, na hiyo haiogopi siki. Doa la namna hiyo, au lililochimba, linahitaji polishi ya fundi. Lakini polishi inaondoa sehemu ya tabaka, na seramiki ya mahali hapo inaondoka nayo, kwa hiyo inapakwa upya. Verni haikui tena. Fundi mwaminifu anamwambia mwenye motokari jambo hilo kabla ya kuwasha mashine.

Vitu vya kukataa kabisa ni asidi ya batri, asidi ya kuoshea choo, unga wa kusugulia sufuria, dawa ya meno, karatasi ya msasa na mazutu. Vingine vinaondoa doa, ni kweli, vinaliondoa pamoja na rangi. Asidi inaweza pia kuunguza mikono na macho ya kijana anayeosha, ambaye mara nyingi hana glavu.

Nani alipe

Ugomvi wa Jumamosi unaweza kuisha kabla haujaanza, kama pande mbili zinapatana juu ya kazi. Kuosha ni bei moja, kuosha na kukausha ni bei nyingine. Mwenye motokari anayetoa bidoni moja, anayesimamisha motokari katikati ya jua saa tano na kuomba kazi iishe haraka, hawezi kumdai mwoshaji kapo isiyo na doa. Naye mwoshaji anayepokea bei ya kukausha, kisha anaacha jua limfanyie kazi, hana la kujitetea.

Kwa kijana anayeishi kwa kazi hiyo, vitambaa viwili vya mikrofibra, vinavyofuliwa kila jioni bila dawa ya kulainisha nguo, ni mtaji wake. Navyo anaweza kuomba bei nzuri kidogo, na mteja anayeona kapo safi saa sita ya mchana atarudi Jumamosi inayofuata. Kwa mwenye motokari, nyongeza hiyo ndogo ndiyo inayolinda seramiki aliyoilipia.

Ikumbukwe kwamba maji ya Lubumbashi hayatabadilika kesho. Yataendelea kutoka ndani ya dolomia, na sufuria zitaendelea kushika ngozi nyeupe. Linaloweza kubadilika Makomeno ni saa ya kuosha na mahali pa kuosha, na ile desturi ya kusema kwamba kazi imeisha wakati maji bado yamesimama juu ya kapo.